Alhamisi Niliyorudi Kumvizia Mke Wangu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nikiwa bado kijana wa mabega mapana, nimekaa kanisani kwetu, mtaa wa Bel-Air, na mke wangu Faustine na watoto wetu watatu. Kabla ya misa kuanza, msomaji alisimama kutangaza nia za misa kama ilivyo desturi: huyu anaombea marehemu wake, yule anaombea mgonjwa. Kisha akasoma, "Familia Kasongo wanamshukuru Mungu kwa neema waliyopokea."

Kasongo ni mimi. Nilimtazama Faustine, naye akainamisha kichwa kama mtu anayesali.

Lazima ujue kwamba kwetu Lubumbashi mtu hatoi misa ya shukrani bila sababu. Mtoto akipata diploma, ndugu akitoka hospitalini, shemeji akipata visa, hapo ndipo familia inashukuru, na majirani wote wanakuwa wameshaijua sababu. Mimi nilikuwa sijapata kitu. Kazi yangu ilikuwa ileile, kusindikiza mizigo kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, natoka Jumatatu kwenda Sakania mpakani na kurudi Ijumaa jioni. Sasa kama mimi sikupata, aliyepata ni nani? Na alipewa na nani?

Nikuambie ukweli, nilizaliwa na jicho la kushuku. Mama yangu alikuwa akinitania kwamba nililinusa ziwa lake kabla ya kunyonya. Hata leo, uzee huu wote, mtu akinisalimia kwa furaha nyingi asubuhi, najiuliza ameharibu nini.

Tulipotoka kanisani watu walinishika mkono. "Félicitations, hongera, Papa Tereza!" wakaniambia, maana Tereza ndiye binti yetu wa kwanza. Mmoja akaninong'oneza, "Usitusahau." Nilicheka nao kama mtu anayeijua sababu.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu, "Mama Tereza, ni neema gani ile?"

"Mungu anaijua," akasema, akaniwekea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. "Kulya kwanza, itapoa."

Ah! Pafukapo moshi pana moto. Mtu asiye na la kuficha hujibu swali, hakuharakishi ule. Nilikula, lakini kila tonge nililitazama pande zote. Alipokwenda kisimani nilifungua sanduku lake la nguo. Nilikuta vitenge ninavyovijua na kadi za ubatizo za watoto, basi. Na mwenye kushuku, mwanangu, asipokuta kitu hasemi hakuna kitu. Anasema kimefichwa vizuri. Nilifunga sanduku nikiwa na hasira zaidi kuliko nilipolifungua.

Jirani mmoja akanimaliza kabisa. "Bibi yako," akaniambia, "kila Ijumaa kuanzia saa tisa anasimama pa mulango ya lupango, uwanja yenu, anaangalia barabara. Akisikia lori yenu, anakimbia mu nyumba." Hakuongeza neno, na mimi sikumwomba aongeze. Pengo nililijaza mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ananichunga nisije nikamkuta na mtu. Anashika zamu mpaka mgeni wake aondoke.

Basi juma lile nikapanga mtego. Nilimdanganya dereva kwamba nina homa, nikaacha mizigo Sakania, nikapanda gari la watu wengine, nikashuka mbali na kufika Bel-Air siku ya Alhamisi, saa nane mchana, kwa miguu. Sikupita mlango wa mbele. Nilizunguka nyuma ya choo kama mwizi wa kuku, mimi mwenye nyumba.

Nilimkuta Faustine amekaa kwenye mkeka anamsuka Tereza nywele. Wadogo wawili walikuwa wanamwagiana maji kwenye beseni. Hapakuwa na mtu mwingine. Lakini aliponiona, mwanangu, uso wake ulibadilika. Kitana kilimwanguka. Alisimama, akashika ukuta, akawa ananitazama miguuni na mikononi.

Nikasema moyoni, leo nimekupata. Hofu ile niliisoma kama hukumu iliyokwisha kuandikwa.

Sikumpiga, nashukuru kwa hilo. Lakini nilimwambia mbele ya watoto kwamba Jumamosi tunakwenda mtaa wa Kamalondo kwa baba yangu, na tukitoka huko atapanda treni arudi kwao Kongolo, watoto wabaki kwangu. Tereza alikuwa na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Akaanza kulia. Hakuna aliyemmalizia nywele siku ile.

Baba yangu alikuwa mzee wa reli aliyestaafu, mwenye sauti ndogo. Jumamosi alitusikiliza. Nilimwaga mashtaka yangu yote: misa, sanduku, zamu ya mlangoni, kitana kilichoanguka. Nilijiona wakili. Baba akamgeukia mkwewe.

"Mama Tereza, usiogope. Tuambie, ni neema gani ulimushukuria Mungu?"

 Faustine akasema, macho chini, "Papa, ni yeye."

"Yeye nani?"

"Mutoto yenu. Kila Ijumaa anarudia. Mama Odile wa ng'ambo ya barabara alikuwa anangojea bwana yake vilevile, naye alikuwa wa lori ya Sakania. Bakamuletea viatu tu, mwenyewe hapana." Akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Njo maana mi nasimama pa mulango. Nikisikia lori nakimbia kutia maji ku moto, asikute nalia. Ku paroisse, pale kanisani, nilimuambia mwandishi aandike: bwana yangu anarudia kila juma, na batoto banakula pamoya na baba yabo. Akacheka. Akasema ile si neema ya kuandika, ni maisha tu. Akaandika vile alitaka."

"Na juu ya nini haukumuambia bwana yako?"

"Papa, mutu anapanda lori kesho, nimuambie naogopa utakufa? Na Alhamisi alipofika kwa miguu, bila lori, nilizani ni roho yake inakuya kuniaga."

Nilitamani sakafu ya baba ipasuke. Ninakuambia hivyo bila aibu kwa sababu aibu yote niliimaliza siku ile.

Baba hakunigombeza kwa makelele. Alisema hivi tu: "Kasongo, weye ulikuwa unatafuta mwizi wa nyumba yako. Mwizi huyu hapa amevaa viatu vyako. Batu bamekushukuria Mungu, na weye unabapeleka ku tribunal, mahakamani."

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea. Nilimwomba Faustine radhi pale pale, mbele ya baba, jambo ambalo vijana wa rika langu hawakulifanya. Akasema amesamehe, na kweli alisamehe. Lakini kwa miezi mingi aliacha kushukuru kwa sauti mezani kama alivyozoea. Alifunga macho, akanyamaza, akafungua, tukala. Watoto walizoea kimya kile haraka kuliko nilivyotaka. Kumwambia mtu asali tena kwa sauti huwezi, maana atasali ili akuridhishe wewe. Nilingoja tu. Nilikuwa mimi sasa wa kungoja.

Leo nawaona ninyi na simu zenu, mnasubiri muujiza mkubwa ndipo mpige magoti: gari, ndoa, safari ya Ulaya. Na mimi, mwenye jicho langu lile, nawashuku kidogo. Asiyeshukuru kwa kidogo, hata kikubwa hatakiona. Atakipokea, atakigeuza, atauliza kwa nini kimechelewa.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Jicho la kushuku ulitumie sokoni, ulitumie mpakani na kwa wahubiri wenye saa za dhahabu. Mlangoni mwako livue. Ukisikia mtu wa nyumba yako anamshukuru Mungu na hujui sababu, usiitafute sandukuni. Keti, ule naye, jitazame kwanza wewe. Na usisubiri mwandishi wa kanisa akukubalie kwamba ni neema. Chakula kikiiva na wote wakiwepo, sema asante kwa sauti, watoto wakusikie, maana sauti hiyo ikizimika nyumbani hairudi kwa amri.

Mungu wa baba zetu akupe mtu wa kuhangaika ukichelewa. Akulinde usije ukamwogopesha kwa ujinga wako. Na siku atakapokutazama miguuni na mikononi kuhakikisha kwamba u mzima, akupe akili ya kutambua kwamba unapendwa. Amina.