Mafuta ya Bi Saumu

Mwanangu, siku hiyo naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho. Nilikuwa kijana, mchana nabeba maboksi ghalani, jioni nasoma kemia, na kichwa kimejaa elimu hadi kofia zote za Maryland, kule Marekani, hazinitoshi.

Jirani yangu pale Hyattsville alikuwa Mzee Makame, mtu wa Pemba. Mkewe, Bi Saumu, alifariki zamani, akaacha dirishani chupa ya mafuta ya nywele: ya nazi, aliyoyachanganya na ya karafuu. Mafuta mengine ya nazi humo ndani yalishachacha. Yake, wapi. Kila alasiri chumba kilinukia nywele zake, kama vile ametoka kuzisuka sasa hivi. Binti yao, Zuhura, akawa haleti tena watoto kumwona babu yao.

"Baba, humu kuna mtu," alisema. "Chupa hii naitupa."

Mzee akanigeukia. "Wewe msomi, nitetee."

Nikaomba matone, nikayapeleka maabara ya chuo. Tulikuwa na maji ya zambarau ya kupimia. Ukitia kitu kinachozuia mafuta kuchacha, rangi hufifia. Nikatia mafuta ya nazi matupu: zambarau ikabaki inanikodolea. Nikatia tone la Bi Saumu. Rangi ikafa mbele yangu taratibu, ikabaki manjano ya mwanga wa koroboi. Nywele zilinisimama hadi za miguuni.

Kesho yake nikawaeleza. Karafuu ina kemikali iitwayo eugenoli, nayo hujitoa mhanga ili mafuta ya nazi yasichache. Na harufu ya alasiri? Jua la dirishani linaipasha chupa, basi.

Zuhura akashusha pumzi. Mzee Makame akatabasamu. "Umesema vizuri, mwanangu. Na leo jua liko wapi?"

Tukatazama nje. Theluji tangu asubuhi. Nikaigusa chupa: baridi kama jiwe. Na chumba kinanukia.

Nikafungua mdomo, maana mimi sikosi neno.

"Hapo niachie," akasema Mzee.

Zuhura akaichukua chupa. Akaifungua, akajipaka kidogo nyweleni, akairudisha dirishani. Jumamosi iliyofuata nilisikia watoto wakikimbia humo ndani.

Kwa hiyo mwanangu, soma, pima, waondolee watu hofu. Ila kipimo chako kikifika mwisho, nyamaza kwa adabu, usimnyang'anye mfiwa kilichobaki. Mungu akupe elimu yenye faida, na akujaalie kuacha nyuma harufu ambayo wanao hawataiogopa.