Salongo kwenye ukuta wa Mama Masika

Mama Masika, jirani yetu hapa Ndosho, anaponda mawe ya volkano na kuuza kokoto. Ukuta wa kiwanja chake aliujenga mwenyewe, jiwe juu ya jiwe, bila simenti. Alitoka Butembo akiwa bibi-arusi. Bwana yake alipokufa, ukoo ulimwambia arudi kwao; akajibu kwamba kwao ni hapa.

Mwaka jana chef wa avenue yetu, mkuu wa mtaa huu, Papa Adalbert, alisema Leta, yaani serikali, inataka nusu ya kiwanja hicho ijenge biro, ofisi yake. Mama Masika hakumpigia magoti. Alienda tribunal, mahakamani. Juge, hakimu wa kesi hiyo, akaja mwenyewe kuona mahali, viatu vikajaa vumbi jeusi, na baadaye akakata neno: kiwanja ni cha mama huyu, kisiguswe.

Nilidhani yameisha. Shuleni tunafundishwa kwamba serikali inaongoza, tribunal inahukumu, na hakuna wa kumpanda mwenzake kichwani. Lakini Ijumaa moja mtu wa megafoni alipita akitangaza: kesho salongo, kila nyumba itoe mtu, kazi ni kubomoa ukuta wa Mama Masika. Salongo ni kazi ya wote ya Jumamosi asubuhi; asiyekuja analipa amande, faini. Yaani chef ameshindwa mbele ya juge, sasa anaazima mikono yetu?

Nikamuuliza Mama Masika, "Juge hatakuja kukutetea?"

"Juge haina askari mufukoni, mutoto wangu. Iko na neno tu. Neno linataka watu wa kulisimamia."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitaenda salongo. Miye ni raia muzuri."

Asubuhi watu walikuja na majembe, macho chini. Mama Masika akatoka na jembe lake, akawapita wote, akashuka ndani ya mfereji wa barabarani uliojaa takataka na kuanza kuuzibua.

"Mama, kazi ya leo haiko hapo," chef akasema.

"Chef, salongo ni kusafisha. Ule ukuta haiko uchafu. Juge aliuona."

Papa Habarurema, seremala anayeogopa hata kivuli cha chef, akakohoa. "Chef, miye mugongo unaniuma. Ukuta sitauweza. Acha nijaribu mufereji."

Watu wakacheka. Akashuka. Mama yangu akamfuata, halafu wengine, mpaka chef akabaki peke yake pale juu.

"Mutalipa amande wote."

"Ya nini, chef?" mama yangu akauliza. "Si tuko salongo?"

Papa Adalbert akashika ukuta kwa mikono, akaangusha jiwe la juu. Mama Masika akapanda kutoka mferejini, akaliokota, akalirudisha mahali pake. Chef akaangusha lingine. Mama Masika akarudisha. Chef alikuwa anahema. Mama wa watu amebeba mawe maisha yake yote.

"Unapinga Leta?"

"Ninakupinga wewe, Adalbert. Na yule juge pia ni Leta."

"Nitarudi na polisi."

"Rudi nao. Watanikuta."

Chef akaenda zake akipangusa suruali. Mama Masika akabaki amesimama mbele ya ukuta, jiwe limeegemea kiunoni. Saa ya salongo ikapita, maduka yakafunguliwa, na sisi hatukutoka mferejini.