Nilitafuta drum ya umeme ambayo mjane wa kaka yangu angekubali kuiita drum

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia.

Naona humu watu wengi wanauliza kuhusu drum za umeme zinazofanana na drum za kawaida, na wengi wanaojibu wameziona kwenye video tu. Mimi nimezigusa. Nitaandika yaliyonipata, na pale nisipojua nitasema sijui. Shule niliishia la sita, kwa hiyo mnivumilie.

Nianze na kaka yangu, maana bila yeye hakuna uzi.

Faustin alikuwa mpiga drum wa kwaya yetu. Mimi nilikuwa mbebaji. Yeye alikaa kwenye kiti, mimi nilibeba vyote, na kiti pia. Kazi yangu ya kila siku ni kushona viti vya pikipiki.

Kwaya ilifanyia mazoezi kwenye parcelle yetu, yaani kiwanja cha nyumbani. Kisha nyuma ya ua wetu ikafunguliwa maternité ndogo, nyumba ya kuzalishia. Siku moja muuguzi akaja, kwa heshima kabisa, akasema kuna mama alikuwa anasukuma mtoto kwa kufuata mdundo wetu, na sisi tulikuwa kwenye wimbo wa haraka.

Faustin aliuliza kama mtoto alifika salama. Alifika. Akaomba radhi.

Baadaye chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, akatoa uamuzi: drum kwenye mtaa huu iwe ile yenye kitufe cha kupunguza sauti, ama isiwepo. Tukaacha kupiga. Haikupita muda Faustin akaugua kifua, akafariki. Sitaeleza zaidi hapo.

Sasa kuna desturi ya kwaya yetu. Mpiga chombo akifariki, chombo chake kinafunikwa kitenge cha nyumbani kwake, na hakilii tena mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo kwaya inakuja nyumbani kwa marehemu, si mahali pengine. Mtu wa familia anafunua, anapiga wa kwanza, halafu mjane anavua nyeusi.

Chombo kisipolia, hakuna kilichoondolewa. Watu watakula wali, watarudi makwao, na mjane atabaki na nyeusi yake.

Mjane ni shemeji yangu Riziki. Anauza samaki sokoni, na alisema ile nguo nyeusi inakunywa jua lote la Bunia. Alitaka kuivua. Lakini aliniambia hivi:

"Shemeji, miye nitavua siku nitasikia drum. Mukileta mashini, nitakaa hivi hivi. Sitagombana na mutu. Nitakaa tu."

Namjua. Angekaa.

Kwa hiyo drum ya Faustin hairuhusiwi na chef, na mashini hairuhusiwi na Riziki. Kamati ya kwaya ikanipa mimi kazi ya kutafuta kitu cha katikati. Nilipouliza kwa nini mimi, waliniambia kwa sababu nilikuwa nabeba.

Ya kwanza niliikuta dukani hapa mjini. Ni visahani vya mpira mweusi vimefungwa kwenye mabomba. Nilikwenda na Mama Furaha, prezida wa kwaya. Aliizunguka yote, kisha akamuuliza muuzaji:

"Papa, hii iko drum ao iko ya kukaushia sahani?"

"Mama, hii ni ya kisasa. Inatoa sauti mingi, hata ya mbwa."

"Mbwa tuko naye nyumbani."

Tukatoka. Kwa haki, niliipiga kidogo kabla ya kutoka na haikuwa mbaya. Ila mpira unarudisha kijiti kwa nguvu, mkono unachoka, na ukiitazama huoni kitu cha kufunika kitenge.

Ya pili ilikuwa mjini Aru. Kuna mfanyabiashara analeta vyombo kutoka ng'ambo ya mpaka. Nilipanda lori barabara ilipokuwa nzuri. Ile, wakuu, ilikuwa drum. Mbao kamili, bezi kubwa, vyuma vinang'aa, matoazi ya rangi ya shaba. Ukisimama mlangoni huwezi kujua kwamba ni ya umeme. Nilipiga picha nikamtumia Mama Furaha, akanijibu kwa alama za kucheza.

Kisha nikaipiga.

Unapiga, halafu sauti inakuja. Si mbali, ila inakuja nyuma yako, kama unaongea kwa simu na mtu wa Ulaya. Na ukipiga kwa upole, haisikii kabisa. Mwenye duka aliniambia nipige kwa nguvu, yeye mwenyewe akakaa akapiga kwa nguvu, na kweli kwa nguvu ilikuwa nzuri.

Lakini Faustin hakuwa mtu wa nguvu. Tangu yule muuguzi alipokuja, alipiga kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Hapo ndipo nilipojua cha kupima. Usipime drum ya umeme kwa kelele, kelele zote zinafanana. Ipime kwa kupiga polepole, ukizidisha kidogo kidogo. Ikikufuata, ni drum.

Nilimwambia mwenye duka sitaichukua. Hakukasirika. Alisema, "Bwana, mbao ni ya macho tu. Kazi yote iko ndani."

Akafungua moja nikaona. Juu kuna ngozi ya wavu, laini kama chandarua lakini imara. Chini yake kuna kidude cha sensa juu ya sponji. Waya unatoka pembeni kwenda kwenye kisanduku chenye sauti.

Nikamuuliza, "Na mtu akiwa na mbao yake?"

"Basi unachukua ngozi, sensa, matoazi ya mpira na kisanduku. Kisanduku chukua kile cha upande huu, cha kule kwenye onyesho kinachelewa."

Nilikijaribu kwa polepole kabla ya kuchukua. Kilinifuata.

Nikiwa juu ya lori kurudi ndipo nilipofikiri vizuri. Mbao yangu ni drum ya Faustin. Drum ya Faustin iko chini ya kitenge. Nikiigusa kabla ya siku, nimevunja matanga. Nikingoja siku ifike, sitakuwa na drum siku hiyo, maana kazi yenyewe si ya asubuhi moja.



Nilipofika nyumbani nilipeleka neno kwa familia. Tante Vumilia, dada wa baba yetu, ndiye anayeshika mambo ya matanga. Wajomba walianza kupiga kelele, mmoja akasema mimi nataka kumvua marehemu nguo. Tante aliwaacha wakachoka, kisha akaniuliza:

"Ukifungua, italia?"

"Nikitoa ngozi ya zamani, hailii. Nikiweka ya wavu bila kuranti ya umeme, hailii pia. Inafanya tup."

"Tup iko kulia?"

Mjomba mkubwa alisema tup si kulia. Mjomba mdogo alisema inategemea.

Tante akasema, "Desturi inakataza kulia. Ya sukurubu hatukuambiwa. Utafanya, na miye nitakaa palepale na kiti."

Alikaa palepale na kiti.

Riziki tulimwambia. Alisema tufanye, lakini yeye hataingia kwenye chumba kile mpaka siku ifike.

Kukaza ngozi si kazi ngeni kwangu, ila kutoa ile ya zamani kulinichelewesha. Ngozi ya snare ya Faustin, ile drum ndogo inayokaa mbele ya mpigaji, ilikuwa imechakaa mahali pamoja, si katikati, kidogo upande wake yeye. Ukubwa wa kikombe. Tante aliniona nimesimama, hakuniharakisha. Baadaye alisema, "Ikunje, uweke mu kabati." Nikaweka. Ngozi ya drum haikunjiki, niliiweka bila kukunja.

Sensa ya snare niliiweka chini ya lile eneo lake lililochakaa, si katikati kama maelezo yanavyosema. Kama nilikosea kiufundi mniambie.

Kisha ilibidi kujaribu. Nilivaa hedifoni, nikawasha, nikapiga polepole. Tante alisikia tup tup tu, akaanza kunitazama vibaya.

"Mutoto wangu, unalia nini?"

Nilikuwa sijui kama nalia. Nikamvalisha yeye hedifoni nikapiga.

Alishika kiti. Akaitoa hedifoni, kimya. Akaivaa, drum. Akaitoa tena. Alifanya hivyo mara kadhaa, kisha akairudisha mkononi mwangu kama kitu cha moto.

"Basi masikio yangu yameondoa matanga," alisema. "Miye mwenyewe bado. Usiambie wajomba."

Wajomba hawamo humu, naamini.

Siku ikafika. Kwaya ilikuja, bafle moja ndogo ya kutolea sauti, kitufe kimeshushwa. Muuguzi wa maternité alikuja pia, akaketi na wageni. Mimi nilifunua kitenge. Mama Furaha alitazama mbao, vyuma, mikwaruzo ileile, akasema kwa sauti, "Haya, hii iko drum." Matoazi ni ya mpira, aliyatazama pia, akayasamehe.

Nikapiga wa kwanza. Polepole.

Mimi si Faustin. Lakini ilinifuata, na kwaya ikaingia, na ua wote ukaanza kusogea kidogo.

Riziki alibaki ameketi.

Tuliimba mpaka mwisho. Alibaki ameketi. Mama Furaha akaanza wimbo mwingine bila kuuliza mtu. Katikati ya wimbo huo Riziki akainuka, akaja mpaka kwenye drum, akasimama mbele yangu. Kwaya ikapunguza.

"Shemeji, iko drum," alisema. "Lakini haiko yake. Ya yake ilikuwa inaziba kidogo."

Ni kweli. Faustin alikuwa anaweka kitambaa cha mkononi juu ya snare ili isipige kelele ya bati. Mimi niliyebeba vyote kwa miaka, nilisahau kitambaa.

Riziki akafungua kilemba chake cheusi. Akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya snare, upande ule wa Faustin.

"Piga."

Nikapiga. Wakuu, kwa kweli kitambaa juu ya ngozi ya wavu hakibadilishi rangi ya sauti, maana sauti inatoka kwenye kisanduku. Kinaizuia sensa kusikia vizuri, basi.

Akaniuliza, "Sasa imekuwa yake?"

Singeweza kumdanganya, si siku hiyo. Nilisema, "Shemeji, imepungua nguvu tu."

"Na yeye alikuwa anapunguza," alisema.

Kisha akageuka, kichwa wazi, na akina mama wakapiga vigelegele ambavyo havina kitufe. Muuguzi naye alipiga.

Nguo iliyobaki walimvua ndani, akatoka na kitenge cha kijani.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka drum ya umeme yenye sura na mguso wa drum ya kweli, usianze na sura. Piga polepole kwanza. Na kama una mbao ya zamani nyumbani, ya mtu aliyeipenda, inatosha. Mengine ni waya.

Sasa naomba msaada wenu, kwaya ina ibada Jumapili. Kwa aliyewahi kufunga sensa: naongezaje sensitivity, yaani usikivu wa sensa ya snare, ikiwa kuna kitambaa juu yake? Nimejaribu kupandisha, bezi nayo inaanza kulia peke yake.

Kabla hamjajibu: kukitoa kitambaa haiwezekani.