Mwiba Ambao Haukuwepo

Harufu ya samaki wa kukaanga ikinijia kutoka jikoni kwa jirani, koo langu hujifunga lenyewe. Watu hudhani naringa. Ngojeni niwaambie.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa tumerudi kutoka Bukavu tukapanga nyumba Mururu, ng'ambo tu ya mto wa mpakani kutoka kule tulikotoka. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimeanza, na mizinga ikilia kule, mabati yetu yalitetemeka. Papa alikuwa fundi saa. Betri za saa, vile vidude vya mviringo, alizijaribu kwa ulimi kujua kama bado zina nguvu, lakini sisi watoto tulikatazwa hata kukigusa kisanduku chake. Mchana mmoja alipotoka, nikaiweka moja ulimini nisikie inavyowasha. Mzinga ukalia ng'ambo. Nikashtuka, nikaimeza.

Ikakwama katikati ya kifua. Niliiogopa, ila nilimwogopa Papa zaidi. Na kwa kuwa tulikuwa tumetoka kula samaki, uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Maman, mwiba ya samaki iko mu shingo."

Maman akafanya ambacho kila mama wa kwetu angefanya. Akafinyanga matonge ya fufu, ugali wetu wa muhogo, akanitia kinywani kwa mkono wake.

"Meza, usitafune. Itashuka tu."

Tonge la kwanza liliniuma hadi mgongoni. La tatu likarudi na mate yenye weusi. Kila nilipotaka kusema kweli, nilimwona Papa na mshipi wake, nikafungua kinywa kupokea tonge jingine. Niliamini kabisa kwamba nakufa, na bado nikameza.

Papa aliporudi aliyaona yale mate, akakitazama kisanduku chake kilichokuwa wazi, akapiga magoti mbele yangu.

"Mwana, umemeza nini?"

"Pile ya saa, Papa. Nisamehe."

Mshipi hakuugusa. Alinibeba mgongoni akapanda kilima mbio, na Maman nyuma yetu pekupeku.

Hospitalini daktari aliitoa kwa mpira mrefu, lakini ilikuwa imeshaniunguza ndani. Kisha, aliposikia habari ya fufu, akamgeukia Maman, mbele ya wagonjwa wote waliokaa kwenye mabenchi.

"Maman, juu ya nini ulimulisha mutoto fufu? Kidogo tu ungemuua!"

Nilifumba macho, nikingoja Maman aninyooshee kidole.

"Nisamehe, Docteur," Maman alisema. "Nilikosa."

Koo lilipona likaacha kovu. Mwaka mzima niliishi kwa uji, na hadi leo nyama naitafuna kama bibi kizee. Siku ile nilimshukuru Mungu kwamba Maman, kwa hofu, amesahau ni nani aliyemwambia habari ya mwiba. Niliamini hivyo miaka na miaka, hadi nami nilipopata mtoto, nikajua kwamba mama hasahau neno la mtoto wake anayeumwa. Wakati huo Maman alikuwa ameshazikwa, na Papa, ambaye hakuambiwa habari ya mwiba, bado anasimulia jinsi mkewe alivyokaribia kuniua kwa fufu.