Decisive, Kwenye Benchi la Wodi ya Wazazi

Mimi ni mwoga, na nimekuwa mwoga kwa muda mrefu hivi kwamba nimezoea kuuita woga wangu busara. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili katika sekondari moja ya upande wa Kerege. Wiki ile tulikuwa kwenye maneno ya kueleza sifa za watu, na neno lililotusumbua lilikuwa decisive. Niliwaambia wanafunzi kuwa ni mtu mwenye msimamo, asiyeyumba. Wakanielewa kwa namna yao. Mmoja aliandika kwamba bibi yake ni decisive kwa sababu hamsalimii jirani tangu ule ugomvi wa kuku. Mwingine akaandika kwamba baba yake mdogo ni decisive kwa sababu amekataa katakata kuuza kiwanja cha Mapinga, ingawa hakijengi wala hakilimi. Nilicheka peke yangu kwenye ofisi ya walimu, nikazitia sentensi zote alama ya vema. Sarufi ilikuwa safi.

Bado nasahihisha, mama akanipigia simu. Hakunisalimu. Mama yangu ni mtu wa mji mkongwe wa Bagamoyo. Hawezi kukuambia nyumba inaungua kabla hajakuuliza umeamkaje. Kwa hiyo aliposema tu, "Njoo hospitali, mdogo wako," niliyaacha madaftari wazi mezani nikatoka.

Mdogo wangu alikuwa amerudi kwetu kujifungua, maana kwa desturi yetu uzazi wa kwanza ni wa nyumbani kwa mama. Mumewe ni dereva wa lori la masafa. Asubuhi ile alikuwa keshaipita Chalinze akielekea bara, na simu yake haipatikani. Nilipanda bodaboda nikisoma dua zote ninazozijua, hata ile ya kuingilia chooni, kwa sababu ulimi haukuwa na nafasi ya kuchagua.

Nilimkuta mama na mkwe wa mdogo wangu, yaani mama wa yule dereva, wamekaa kwenye benchi nje ya chumba alicholazwa. Kati yetu na kitanda chake palikuwa na pazia tu. Daktari, mwanamke wa makamo asiyepoteza maneno, akatueleza kwamba mtoto amelala ubavu, mapigo ya moyo wake yameanza kushuka, na inabidi mama yake apasuliwe. Anayetakiwa kutia sahihi ni mgonjwa mwenyewe, akasema, lakini ameomba kwanza apate radhi za ndugu zake. Akatutaka tuongee, na tuongee upesi.

Tukaongea. Mama mkwe alisema mwenye mke hajatoa neno, na mwanamke hapasuliwi mumewe akiwa njiani, kama vile hana mwenyewe. Haraka haraka haina baraka, akaongeza. Mama alisema yeye hana kauli, binti yake ameshamwoza. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi. Baba alishafariki, na mimi ndiye niliyekuwa walii siku ya ndoa. Mimi ndiye niliyeushika mkono wa bwana harusi mbele ya shehe, nikatamka kwamba nimemwozesha.

Nikajibu kwamba mkono huohuo ndio ulionivua mamlaka. Nimeshamkabidhi mtu mke wake; nikiamua mimi, kisha likatokea la kutokea, nitamtazamaje? Nikapiga simu tena. Haipatikani. Nikasema tungoje kidogo, huenda atafika penye mtandao. Kusema kweli sikuwa naheshimu mila yoyote. Niliogopa. Niliona jeneza, nikajiona mimi ndiye niliyelileta kwa neno langu.

Kinachonitisha hadi leo ni jinsi tulivyokuwa watu wa msimamo. Mama mkwe hakuyumba. Mama hakuyumba. Mimi nilisimama imara kabisa kwenye kungoja kwangu. Kwa Kiingereza nilichokuwa nimefundisha juzi yake, sote watatu tulikuwa decisive, na moyo wa mtoto ulizidi kupunguza mapigo. Muuguzi alipita na beseni akasema bila kututazama kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe si letu.

Nikaingia nyuma ya pazia. Mdogo wangu alikuwa ameshika chuma cha kitanda, midomo imemkauka. Nikaanza kumwambia avute subira, tunamtafuta mumewe. Aliacha uchungu upite kwanza.

"Kaka, usinitafutie mtu," akasema. "Nipe kalamu."

Nikamuuliza kama hataki kusikia mkwewe anasemaje. Akasema ameshasikia. Daktari alikuwa tayari amefika na karatasi. Mdogo wangu aliandika jina lake herufi zikipandana, machozi yakimchuruzika hadi shingoni. Nilimwona wazi kwamba anaogopa kuliko mimi. Aliliandika lote hadi mwisho.

Walipomwingiza chumba cha upasuaji, mama mkwe aliushika mkono wa mama na hakuuachia. Mtoto alitoka rangi ikiwa imembadilika, akakawia kulia, na katika kule kukawia niliahidi mambo mengi kwa Mungu ambayo mengine sijayatimiza. Kisha akalia. Alikuwa wa kike. Alasiri yule dereva akapatikana, nikamweleza yote, pamoja na jinsi tulivyomsubiri. Alilia kwenye simu, akaniuliza tulikuwa tunamsubiri afanye nini.

Nilirudi darasani nikalianza neno lile upya. Niliwaambia kwamba decisive haipimi ugumu wa shingo. Bibi asiyemsalimia jirani ni mkaidi, na baba mdogo wa kiwanja hajaamua lolote, anaogopa tu. Decisive ni yule ambaye jambo likimfikia, na anajua anaweza kupoteza, hulikata wakati kulikata bado kuna faida. Mwanafunzi mmoja akauliza kama mwoga anaweza kuwa decisive. Nikasema anaweza, tena sana. Alinitazama kama nimemdanganya, nami nikafuta ubao.

Kabla ya arobaini ya uzazi kwisha nilikwenda kumtazama mdogo wangu. Mama alikuwa ametoka kumkanda, chumba kinanuka udi na maji ya moto. Nikamuuliza, maana lilikuwa likinikera moyoni, kama siku ile alikiogopa sana kisu.

"Lile pazia ni kitambaa tu, kaka," akasema, huku akimweka mtoto vizuri kwenye ziwa. "Niliogopa kwamba mtaongea mpaka tufe sote wawili, halafu mje mtuzike kwa heshima."