Somo Nililolisoma Gizani

Mama yangu alikuwa anateremka bondeni kuteka maji kabla jogoo hajawika, maana kwetu huku juu maji yalikuwa chini kabisa ya mteremko, na ukichelewa unakuta wenzako wamekomba kisima limebaki tope. Siku moja nikiwa mdogo nikamfuata, nikamuuliza anaionaje njia, akasema, "Siioni, mwanangu. Nimeizoea tu." Na kweli alipanda na mtungi wake kichwani bila kujikwaa, ila mimi nisiyekuwa na mzigo ndiye niliyeanguka mara mbili. Mtauliza mama anaingiaje kwenye aibu yangu. Ngojeni, nafika.

Miaka ya mwisho ya Mwingereza kulianzishwa masomo ya jioni pale kanisani Newala, ya wanaosomea upadre pamoja na sisi wakulima tuliotaka kuwa walimu wa dini vijijini. Kikanisa chetu cha Makote hakikuwa na mwalimu tangu wa kwanza afariki, watoto wanakua bila kubatizwa, basi wazee wakakaa, wakanichagua mimi, kwa kuwa nilijua sala zote kwa moyo na sauti yangu ilifika hadi kwenye mikorosho. Nikifaulu, kanisa lile ni langu. Nikishindwa, ataletwa mtu mwingine.

Jioni ya kwanza Padre mwalimu wetu, mtu mpole wa Masasi, akauliza, "Wote mnajua kusoma?" Mikono ikapanda, na wangu ukapanda. Ni hilo tu nililofanya, kuinua mkono, na nilikuwa sijui hata herufi moja.

Sasa desturi ya darasa ilikuwa unapewa sura leo, wiki ijayo unasimama unaisomea darasa. Nikarudi nyumbani nikamweleza mke wangu, Mama Fidelia, aliyekuwa amesoma shule ya wasichana ya misheni. Akasema, "Kaa hapa nikufundishe herufi, Baba Fidelia, si kazi kubwa." Nikakataa. Mwanamume nifundishwe na mke wangu, majirani wanapita wanaona? Nikamwambia anisomee tu, mengine yangu. (Hizi herufi mnazoziona alinifundisha yeye baadaye, nikiwa na mvi tayari, na zilichukua kiangazi kimoja.) Basi akawa anamenya mihogo huku ananisomea, mimi nashika neno kwa neno, na akifika mwisho wa ukurasa anasema, "Hapa geuza," nami nashika na hilo pia.

Ilienda vizuri mno, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Nikisimama nilikiinua kitabu mbele ya uso na kufumba macho, kwa sababu yale maandishi yalinichanganya, na macho yakifumbwa nilisikia sauti ya Mama Fidelia vizuri. Padre akawaambia wenzangu, "Someni kama Baba Fidelia, hababaiki." Baba Agnesi, jirani yangu wa benchi, ambaye kusoma kwake kulikuwa kama mtu anayekanyaga miiba, akaniangalia kwa jicho baya, nami nikajivuna.

Ikafika jioni ya kupimwa. Wazee watatu wa Makote walikuja kwa miguu kunisikiliza, nikawaamkia, "Shikamooni," wakaitikia kwa furaha, wakakaa benchi la mbele. Karabai ikapigwa pampu, ikatundikwa. Padre akaniita wa kwanza, nisome habari ya mpanzi na mbegu zake, nikafumba macho, nikaanza.

Nilikuwa nimefika kwenye mbegu zilizoangukia penye miiba niliposikia watu wanakohoa na mabenchi yanalia, nikadhani neno limewaingia, nikapandisha sauti. Kumbe upepo wa Newala umepiga dirishani, karabai imezimika, chumba kizima ni giza, na mimi peke yangu ndani ya giza hilo naendelea kusoma. Nikafika mahali pake, nikageuza ukurasa. Waliusikia ukigeuka.

Sauti ya Baba Agnesi ikasema taratibu, "Endelea, ndugu yangu. Kwako bado mchana."

Nikafumbua macho, nikaona sawa na nilivyokuwa nimeyafumba. Watu walicheka, wakacheka hadi kibiriti kilipowashwa, na mwanga ulipokuja wazee wangu watatu tu ndio waliokuwa hawacheki. Walikuwa wanatazama chini.

Padre hakunikasirikia, na hilo linaniuma mpaka leo. Alisogea karibu akasema kwa sauti ndogo, "Kesho njoo mapema, kabla ya wenzako. Tutaanza na herufi." Na mzee mmoja wa Makote akasema, "Baba Fidelia, sisi tulikuchagua kwa sauti. Hatukukuuliza habari ya kitabu." Mlango ulikuwa wazi kabisa, mnaona? Walinipa njia wote wawili. Nimeapa tangu siku ile sitainua mkono kwa nisichokijua, lakini kiapo hicho ni chepesi. Kigumu ni kukaa chini mbele ya waliokuona, na hicho sikukiweza.

Nikakiweka kitabu mezani. Nikasema nakwenda nje mara moja.

Padre akaita nyuma yangu, "Umesahau kitabu chako." Sikugeuka. Niliishika njia ya Makote gizani, miguu inaijua, sikujikwaa popote, na darasani kule sikurudi tena.