Waliipiga Window Msibani

Kuna neno moja nimeitwa mtaani kwetu Isevya hadi nimelizoea: mchoyo. Majirani wameniita hivyo, walimu wenzangu wameniita hivyo, na shangazi yangu, dada yake baba, ameniita hivyo mbele ya wageni. Kosa langu ni kuwa na laptop na kukataza watu wasichomeke flashi zao. Ingekuwa ni sufuria ya pilau nimewanyima, ningewaelewa. Sufuria hurudi imeoshwa. Flashi ya mji huu haioshwi na mtu. Inatoka steshenari, inaingia kwenye redio ya saluni, inapitia kwa mpiga picha wa harusi, inashinda kwenye kompyuta ya shule, halafu mtu anakuja mlangoni kwangu na hodi yake na tabasamu lake, ananiomba nimwekee nyimbo.

Nilisema hapana. Nitasema hapana hadi nizikwe.

Kompyuta yenyewe niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo ilifanya kazi pale tu umeme ulipokuwepo, na kulikuwa na herufi moja isiyotokea mpaka uibonyeze kwa hasira. Hiyo haikunisumbua, hasira ninazo. Nafundisha shule ya binafsi, na mwalimu wa shule ya binafsi akishapata kitu kama kile hategemei kukipata tena. Nikailinda kwa akili, maana fedha ya kuilindia haikuwepo.

Wezi wa huku kwetu hawana haja ya kuvunja mlango. Wanapitisha fimbo ndefu yenye ndoano katikati ya nondo za dirisha na kuvua wanachokiona. Jirani yangu walimvulia mkoba mchana kweupe, mwenyewe yuko uani anachambua mchele. Kwa hiyo laptop yangu haikukaa mezani hata siku moja. Nikimaliza kazi naitia kwenye mfuko wa nailoni, naizungushia kanga kuukuu, kisha naizamisha ndani ya gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo ndugu zetu wa Nzega hutuletea kila mwaka. Sijaona bado mwizi wa kuhangaika na michembe. Mgongoni mwa laptop nilichoma jina langu kwa msumari wa moto, plastiki ikavimba na kubaki kama kovu. Nilifanya makusudi. Nilitaka iwe mbaya hata mnunuzi wa vitu vya wizi aone aibu kuishika.

Kwa virusi nilikuwa na dawa rahisi zaidi. Programu ya bure ya kuzuia virusi kila mara ilitaka bando ijisasishe, na bando langu lilikuwa la kuandalia masomo. Basi nikachukua plasta ya vidonda, nikaziba tundu zote za flashi, plasta juu ya plasta. Kirusi hakipandi ukutani kama mjusi. Kinaletwa na mtu mwenye jina na wazazi, mkononi.

Walimu wenzangu walicheka sana. Wakaacha kucheka siku kompyuta za shule zilipougua. Kila faili liligeuka kuwa kijialama chenye mshale, kile wanachokiita shotikati, ukikifungua hakifunguki, na mitihani ya muhula ikawa haionekani. Watu walitaka kulia. Mwalimu wa kompyuta akatuonyesha kwamba kirusi kile hakifuti kitu, kinaficha tu. Akaandika amri fupi, mafaili yakarudi yote kama yalivyokuwa. Niliiandika ile amri kichwani mwangu na sijaisahau.

Sasa niseme kwa nini nilikuwa mkali namna ile.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, alikuwa na kibaraza chake mtaa wa Ng'ambo maisha yake yote. Kila msimu wa mauzo ya tumbaku alipanda treni na nguo alizoshona akaenda kuuza Urambo, wakulima wakiwa na fedha mkononi. Mama alitutoka mapema, tukabaki watatu: baba, mimi, na mdogo wangu wa kiume. Baba alimwekea mdogo wangu cherehani pembeni ya yake tangu miguu haijafika kwenye pedeli. Siku moja baba yuko Urambo, mdogo wangu akafunga nguo zake akaenda Dar es Salaam. Hakuaga. Baba aliporudi alikuta ile cherehani imefunikwa kitambaa. Hakukifunua. Kuanzia hapo, miaka yote, wawili hao walizungumza kwa simu siku ya Idi tu, salamu na dua, basi.

Baba alipoanza kuugua nilimpigia mdogo wangu aje. Kila mara alisema, "Nakuja dada, nakuja." Baba hakumlaumu. Ila asubuhi moja, umeme upo, aliniita kitandani kwake.

"Ile mashine yako inaweza kushika sauti?"

Nikamwambia inaweza. Simu yangu ilikuwa imejaa, ikirekodi kidogo inakata, lakini laptop haikuwa na tabu hiyo.

"Iwashe. Halafu utoke. Haya ni ya mdogo wako."

Niliiwasha, nikaiweka kwenye kigoda karibu na mto, nikatoka nje kukaa barazani. Nilimsikia akiongea kupitia ukutani, maneno siyapati, sauti tu. Aliongea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea na mtu yeyote. Mara moja nilimsikia akicheka. Aliponiita nizime, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. Akaniambia, "Asikilize akiwa hapa nyumbani, amekaa. Usimtumie njiani." Sikulifungua lile faili. Halikuwa langu.

Nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia nimekurekodia maneno ya baba, yanakusubiri. Akasema atakuja.

Na wasije watu kunihubiria habari za kuhifadhi nakala. Nimehubiriwa vya kutosha. Kuweka nakala ni kuchomeka flashi, na kuchomeka flashi ni kubandua plasta. Kupandisha mtandaoni faili kubwa namna ile kungemeza bando la mwezi, na mtandao wenyewe ungekatika katikati. Waliojaliwa vifaa wana ushauri mwingi sana kwa wasio navyo.

Baba alifariki kabla mdogo wangu hajafika. Alifika siku ya maziko, moja kwa moja kutoka kituo cha mabasi hadi makaburini.

Msiba wa kwetu ni wa watu wote. Mji huu umepokea wageni tangu misafara ya wapagazi ilipokuwa ikipumzika hapa njiani kwenda Ujiji, na ile tabia ya kutomuuliza mgeni ametoka wapi bado tunayo. Makochi yakatolewa nje, majamvi yakatandikwa, turubai likafungwa kwa ajili ya wanaume. Wanawake wakajaa ndani mpaka koridoni. Mimi kama mfiwa nilikalishwa kwenye godoro pembeni ya ukuta. Mfiwa wa kike haguswi na jambo. Akitaka maji analetewa, likitokea tatizo haelezwi, wanaume walioko nje ndio watakaolimaliza. Wenyewe wanaita heshima.

Shangazi akaja kusema chumba changu kinahitajika kwa wageni wa Igunga. Nikamwomba kifungwe kwa sababu kuna vitu vyangu.

"Msibani hakufungwi chumba," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Hata leo uchoyo wako unakuja nao?"

Wanawake wakaangalia chini. Nilikuwa nimemzika baba yangu siku hiyo hiyo na nikatiwa aibu juu ya laptop. Nikamwambia basi aitoe kwenye gunia la michembe, ampe mdogo wangu aishike mwenyewe, asimpe mtu, na flashi ya mtu yeyote isiingie, maana ndani yake mna sauti ya baba. Niliyasema polepole, maneno yakapangika vizuri. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Alipofika nje kwa mdogo wangu, ujumbe wangu wote ulikuwa umebaki hivi: "Dada yako anasema umtunzie kompyuta yake."

Kilichofuata nilikuja kusimuliwa. Binamu yetu, mtoto wa shangazi, alitaka kuwawekea wanaume kisomo cha Kurani kwa spika, na kisomo kilikuwa kwenye flashi yake. Mdogo wangu akaona ni jambo la heri kwa marehemu, na nani angemnyima mtu kisomo kwenye msiba wa baba yake? Binamu akabandua plasta zangu. Aliniambia baadaye kwamba alidhani zile tundu ni mbovu ndiyo maana zimefungwa bandeji. Kisomo kikasikika. Baada ya muda mafaili yote ya kwenye kompyuta yakageuka shotikati.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ndani, nyuma ya ukuta mmoja. Dawa ya ugonjwa ule ilikuwa kichwani mwangu. Mtoto angeweza kutumwa, mwanamke yeyote angeweza kuniinamia sikioni akaniuliza. Mdogo wangu alitaka kuingia kunieleza, na wazee wakamzuia. Walimwambia mfiwa hasumbuliwi na mambo ya mashine. Wakamwelekeza kwa fundi mmoja mjini, sifa zake zikatajwa, binamu akampakia kwenye pikipiki wakaenda.

Yule fundi aliiangalia, akasema neno ambalo mafundi wetu wanalisema kwa kila ugonjwa, iwe kompyuta inakohoa au imekufa: inabidi ipigwe window. Maana yake anafuta kila kilichomo na kupanda programu upya. Kompyuta inarudi nyepesi, inawaka haraka, mwenye mali anafurahi kwa sababu anachokiona ni kile kilichobaki. Sina ugomvi na anayepiga window pale inapostahili. Nina ugomvi na anayechinja ng'ombe kwa sababu amepata kupe.

Lakini aliuliza. Nakiri hilo, aliuliza kama kuna kitu cha muhimu.

Mdogo wangu akamjibu, "Ni mafaili ya shule tu, ya dada."

Siku ya khitma, wageni walipoanza kupungua, mdogo wangu akaja kukaa karibu yangu na laptop mapajani. Alikuwa na furaha ya kunifurahisha, furaha ya mtu aliyekaa mbali miaka mingi na amepata kitu kidogo cha kufanya nyumbani. Iliwaka haraka kweli. Kwenye kioo walikuwa wameweka picha ya maporomoko ya maji.

"Ilipata virusi dada, nikakutengenezea. Nimekuwekea na programu ya kuvizuia."

Shangazi alikuwa hapo. Akasema, "Mshukuru basi mdogo wako."

Sikumshukuru. Nilifungua kila mahali, na kila mahali palikuwa peupe. Nikauliza nani aliruhusu. Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniita, nilikuwa nyuma ya ukuta, kwani nilikuwa Kigoma? Sauti yangu ilipanda na sikuishusha. Shangazi akaniambia nimche Mungu, kazi za shule zinaandikwa nyingine, mtu haandikwi mwingine. Hapo ndipo niliposema.

"Baba alikuwa humu."

Mdogo wangu alinitazama asielewe. Alidhani ile sauti iko kwenye simu yangu, kila mtu anarekodi kwa simu. Alikuwa anasubiri watu waondoke ndipo aniombe.

Nilimgeukia shangazi nikamuuliza kama nilimwambia au sikumwambia. Akafunga vizuri mtandio wake. Akasema msiba una mambo mengi.

Baada ya hapo laptop ilipelekwa kwa mwalimu wetu wa kompyuta. Alijaribu kwa siku kadhaa, akanirudishia bila kuniangalia usoni. Mtaani habari ikazunguka, na kwa namna inavyosimuliwa, mwenye makosa ni mimi. Watu wanasema ningewaazima tangu mwanzo, kingekuwa kitu cha kawaida, kila mtu angejua kilichomo. Wengine wanasema ndiyo malipo ya uchoyo. Na bado wanakuja na flashi. Mwezi huu tu amekuja binamu, yule yule, na hodi yake.

Siku ya kuondoka, mdogo wangu alikwenda Ng'ambo kukabidhi kibaraza kwa mpangaji mpya, akarudi nyumbani. Aliketi kwenye kitanda cha baba na begi lake miguuni. Hasira zangu zote zilikuwa bado hai, juu ya wazee, juu ya shangazi, juu ya fundi na maporomoko yake ya maji, na juu yake yeye pia. Nilikuwa nimeshaandaa maneno.

"Alisema nini, dada?"

"Sijui."

"Hukusikiliza hata kidogo?"

"Yalikuwa yako."

Aliinamisha kichwa akawa anachezea zipu ya begi. Akauliza kama baba alikuwa amekasirika. Nikamwambia sikuyasikia maneno, lakini mara moja nilimsikia akicheka.

"Alicheka mwanzoni, au mwishoni?"

Alinikazia macho, akisubiri. Nikamwambia mwishoni. Ukweli ni kwamba sikumbuki.